Ndizi za Baba Mkwe Haziivi

Mpendwa Mama Scolastica,

Shikamoo. Naomba unisome mpaka mstari wa mwisho kabla hujanihukumu, maana barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana, na leo naandika nikiwa ndani ya pikapu ya kampuni hapa Nyakanazi, nimeegesha mbele ya kituo cha mafuta, nimekwama, Mama, na sina wa kumweleza kwa sababu kila ninayeweza kumweleza ni ndugu wa mtu nitakayemtaja.

Naitwa Gaspari. Ni msimamizi katika kampuni ya kutengeneza bustani, sisi ndio tunaopanda ukoka, maua na miti ya vivuli kuzunguka hoteli na ofisi, tunatandika mawe ya njia na kumwagilia mpaka mahali papendeze. Sasa tunatengeneza bustani ya hoteli mpya hapa njia panda, na ukoka wake wote unatoka Murusagamba, kwa baba mkwe wangu, Mzee Matiasi, ambaye alipunguza mihogo akapanda ukoka baada ya mimi mwenyewe kumwambia kwamba unauzika, kwa hiyo hata chanzo cha jambo hili ni mimi.

Wanaoukata ukoka ule na kuupakia ni watu wa Burundi, wanaume kwa wanawake, waliovuka msimu wa kulima maharage kama watu wanavyovuka siku zote, na wewe unajua kwetu jambo hilo si geni, mtu anakuja, analima, anapewa chake, anarudi kwao. Mzee aliwapokea vizuri, akawapa kibanda nyuma ya migomba, akawa anawapa chakula, na hakuwaita vibarua hata siku moja, aliwaita "wageni wangu". Vitambulisho vyao alivichukua akavifungia katika sanduku chumbani kwake, akasema kibandani kuna mchwa. Mimi niliona ni ukarimu, nikamsifu hata kazini.

Sasa, Mama, kuna ile desturi yetu. Zamani mgeni akifika alichomeka mkuki wake nje ya mlango, na siku ya kuondoka mwenyeji alimpa pombe ya mwisho ya ndizi, akanywa, akang'oa mkuki wake, akaenda zake. Mikuki haipo tena lakini pombe ya kung'oa mkuki ipo, na mtu aliyepokelewa akaondoka bila kuinywa huonekana kama mwizi, jina lake linamtangulia njiani, nyumba nyingine zinamfungia mlango. Basi maharage yalipovunwa mmoja wao aliomba kwenda kwao. Mzee akamjibu kwa upole kabisa, "Nitakuagaje kwa mikono mitupu? Ndizi bado hazijaiva." Watu wakacheka, wakarudi shambani. Msimu uliofuata wakaomba tena, akasema, "Ndizi bado." Ujira wao nao anasema utatoka siku hiyohiyo ya pombe, si haki mgeni aondoke na kimoja akose kingine. Na ndizi, Mama, ziko pale nyuma ya nyumba, zinaiva, zinaliwa, nyingine zinaangukia majani na kuoza, nimeziona kwa macho yangu. Hakuna geti pale wala mbwa. Akitokea wa kung'ang'ania, Mzee anamkumbusha, bado kwa upole, kwamba barabarani kuna watu wa uhamiaji, na kwamba yeye hataweza kumtetea mtu aliyemkimbia.

Sasa nafika pale panaponinyima usingizi. Kati yao yuko mama mmoja anaitwa Niragira, aliacha watoto wake wadogo kwa mama yake mzazi ng'ambo ya mpaka. Siku moja tulikuwa tunapakia ukoka kwenye Fuso, nageuka namwona Niragira amekaa juu ya mzigo, kitenge amejifunga vizuri, mkononi ana kifurushi. Nikamwuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Akasema, "Nakwenda kwetu. Mama yangu anaumwa, nimeletewa habari sokoni." Nikamwuliza, "Umeaga?" Akasema, "Nimeaga mpaka mdomo umechoka." Mimi, badala ya kufikiri, nikaona aibu, nikaona nitaonekana nimemwibia baba mkwe mgeni wake kwa gari la kampuni, nikapaza sauti mbele ya wenzake wote, "Shuka! Mgeni hatoki kwa mgongo wa mwenyeji. Subiri uagwe kama mtu aliyelelewa." Akaniangalia, akashuka polepole, hakuna aliyempa mkono. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, akacheka akasema, "Mnaona? Mkwe wangu amelelewa huyu."

Niliporudi safari nyingine nilimkuta Niragira hatumwi tena kisimani peke yake, na usiku analazwa jikoni kwa mama mkwe badala ya kibandani. Alikuwa amepiga magoti anakata ukoka. Nikamsalimu. Nilipomkaribia akasema bila kuinua kichwa, "Mkwe, umekuja kuonja? Ndizi zenu zimeiva?" Wenzake wakainama zaidi. Baadaye nilisikia kwamba mama yake alikwisha kuzikwa.

Wenye hoteli sasa wanataka kujua kila kitu kinachoingia kwenye bustani yao kimepitia mikono ya nani, ukoka, mawe, miche, na kama mikono hiyo ilikuwa huru. Wamemleta mkaguzi, mama mmoja kutoka Mwanza, mpole, hana haraka. Aliniuliza kuhusu vijana wetu wa kupanda, "Kijana huyu akitaka kuacha kazi leo, anaacha?" Nikajibu haraka, anaacha. Akauliza, "Na wale wanaokata ukoka?" Nikainama kufunga kamba ya kiatu, Mama. Akaniangalia kidogo, akasema atakwenda Murusagamba kuongea nao mwenyewe, na kwa kuwa hajui Kirundi mimi nitamtafsiria.

Bosi wetu, Wiston, aliponisikia alinipiga begani akacheka, "Hapo tumepona. Wewe ni mkwe wa pale, utayaweka maneno sawa." Baba mkwe naye alinipigia simu, "Mungu hakukupa lugha mbili bure, mwanangu." Na mke wangu Josiane nilipomwambia kidogo tu, aliacha kumenya ndizi akasema, "Baba alifika Murusagamba kutoka kambi ya wakimbizi ya Benaco hana hata sufuria. Akapokelewa na mzee wa Kihangaza, mwenyeji wa pale, akalima kwake, hakulalamika. Leo yeye anapokea wengine unamwita mbaya? Ukimfungisha baba yangu, ujue umenifungisha mimi." Tangu siku hiyo ananipa chakula bila maneno.

Nikisema kweli, ninavunja nyumba mbili, na huenda kampuni ikapoteza kazi ile na vijana wangu wakarudi kukaa kijiweni. Nikitafsiri wanavyotaka, basi nitakuwa nimemshusha Niragira kwenye gari mara ya pili. Mkaguzi anarudi karibuni. Niambie, Mama, nikifika pale nitafsiri nini?

Gaspari


JIBU LA MAMA SCOLASTICA

Marahaba, mwanangu.

Kwanza neno kwa wasomaji. Jibu hili lilimfikia mwandishi kabla ya kufika gazetini, na majina yote mliyoyasoma nimeyabadilisha. Barua ya namna hii haichapishwi wakati mtu bado yuko mikononi mwa anayemshikilia, maana gazeti nalo huwa linafungiwa vitumbua, likamfikia asiyetakiwa kulisoma.

Sasa wewe Gaspari. Umeniandikia kwamba umekwama. Umeandika hivyo ukiwa ndani ya gari, na ufunguo uko mkononi mwako. Niragira ndiye aliyekwama. Nataka tuanze na tofauti hiyo, kwa sababu barua yako imejaa habari za nyumba yako, bosi wako na usingizi wako, na yule mama mwenye watoto ng'ambo umempa aya moja na nusu. Hata hivyo sikukasirikii sana. Aya hiyo moja na nusu ndiyo iliyoandikwa na mtu mzima. Nyingine zote zimeandikwa na mkwe.

Nikueleze jambo ambalo watu wengi hawalielewi, wakiwemo wasomi. Tukisikia kazi ya shuruti tunatafuta mnyororo, tunatafuta kiboko na mtu anayelia. Tusipoviona tunasema hapa ni salama. Lakini nimefanya kazi ya ustawi wa jamii maisha yangu yote, na mnyororo sijawahi kuuona. Nimeona kitambulisho kilichofungiwa, ujira unaosubiri siku isiyofika, na mtu anayetishwa kwa upole na jina la uhamiaji. Nimeona binti anayelazwa karibu na mlango wa bibi mwenye nyumba ili hatua zake zisikike. Hayo yote umeyaona na kuyaandika mwenyewe, kimoja baada ya kingine, halafu unasema uliona ni ukarimu. Mkaguzi wako ameuliza swali linalotosha: mtu huyu akitaka kuondoka leo, anaondoka? Geti kutokuwepo hakujibu swali hilo. Niragira alijaribu. Wewe ndiye uliyekuwa geti.

Najua neno hilo limekuuma. Kaa nalo kidogo.

Turudi kwenye desturi, kwa kuwa ndiyo iliyokupofusha, na mimi siwezi kukubali isingiziwe. Umeieleza vizuri kisha ukapita juu ya jambo lake kubwa bila kuliona. Mkuki ulikuwa wa nani? Wa mgeni. Ulichomekwa wapi? Nje, mahali ambapo mgeni anaufikia bila kuomba. Mwenyeji hakuuingiza chumbani kwake akaufungia. Ile pombe ilikuwa zawadi kwa mtu ambaye tayari ameamua kwenda. Ilimwongezea nguvu ya njia na kuwaambia majirani kwamba anatoka kwa amani. Mgeni alikaa siku alizotaka yeye, na mwenyeji aliyechelewesha pombe makusudi angeona aibu kupita sokoni. Kitambulisho ndicho mkuki wa siku hizi, Gaspari. Mzee Matiasi ameuingiza ndani mikuki ya wageni wake na kuifungia sandukuni, halafu anawaambia wasubiri kuing'oa. Aliyevunja desturi ni yeye. Niragira aliyepanda juu ya ukoka na kifurushi chake alikuwa ameifuata vizuri kuliko ninyi wawili.

Kuhusu Josiane, usimdharau. Anampenda baba yake, na aliyoyasema ni kweli tupu, ila ameishia katikati ya hadithi. Muulize kwa heshima, mkiwa peke yenu: yule mzee wa Kihangaza aliyempokea baba, je, alimuaga? Lazima alimuaga, maana leo Mzee Matiasi ana nyumba yake, migomba yake, na binti aliyemwoza kwa heshima. Kuna mtu aliyempa pombe ndizi zilipoiva, akampisha aende akawe mtu. Angeambiwa kila msimu kwamba ndizi bado, Josiane angezaliwa kibandani nyuma ya migomba ya mtu mwingine. Mwambie hivyo. Asipokujibu, usidai jibu. Kuna kweli inayohitaji kumenyewa pamoja na ndizi kwa siku nyingi.

Umeniuliza utafsiri nini. Hutatafsiri kitu. Mpigie mkaguzi simu umwambie, "Mwenye shamba ni baba mkwe wangu. Siwezi kuwa mdomo wa watu anaowashikilia. Tafuta mkalimani asiye na undugu pale." Mwambie pia azungumze nao mmojammoja, mbali na nyumba, Mzee asiwe na nafasi hata ya kukohoa karibu. Mfungwa anayeulizwa mbele ya mlinzi wake husema ameshiba.

Lakini mkaguzi si wa kwanza. Kabla yake nenda Ngara, kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na umweleze kila kitu ulichonieleza, kuanzia siku uliyopaza sauti. Nakutuma kwake kwanza kwa sababu maalumu. Watu wale hawana vitambulisho mikononi, na ukikimbilia mahali pengine popote wanaweza kuulizwa walivukaje kabla ya kuulizwa wametendewa nini. Sheria yetu inamtazama mtu aliyetumikishwa kama mtu wa kulindwa, na afisa yule ndiye anayejua kuwaita polisi wa dawati linalohusika ili wampokee hivyo. Katiba yenyewe inakataza kazi ya shuruti, wala haijasema kwamba ukoo wa mke ni udhuru. Ukisikia kwamba Niragira amepigwa au anataka kuhamishwa, usisubiri ofisi ifunguliwe, ita polisi.

Na siku ya kwenda usiitangaze. Josiane mwambie kweli yote, ila siku usimtajie. Nakuona unakunja uso. Mzee aliyeonywa huweza kuwatawanya watu wake asubuhi moja, na kutoka hapo hamtawaona tena. Heshima kwa baba mkwe unayo, itumie baadaye: akifika mbele ya sheria, mpelekee chakula, mtafutie mwanasheria, kaa naye benchi moja. Hiyo ni kazi ya mkwe. Kumfichia watu si kazi ya mkwe.

Bosi wako Wiston naye ana lake. Najua akisikia hoteli imekasirika ataruka upande wa pili, aseme, "Basi tusinunue tena kwa mzee yule," na afute mikono. Mzuie. Mkiacha kununua leo na kuondoka, watu wale watabaki palepale, na sasa hata gari la kupandia halitakuja. Kwanza watoke, wapate vitambulisho vyao na ujira wao wa ukoka mliokwisha kuutandika mbele ya hoteli na watu wanaupigia picha. Kampuni imekula jasho lao, kampuni isimamie walipwe. Baada ya hapo ndipo mzungumze habari ya kununua.

Na mwambie hivi kwa sauti yangu: ukoka haujikati wenyewe. Mtu anayejali rangi ya jani na upana wa kipande anaweza pia kujali aliyepiga magoti kukikata. Kila anayewauzia, wa ukoka, wa miche, wa mawe, mumtembelee bila taarifa, mkae na wafanyakazi bila mwenye mali. Asiwepo anayeshika karatasi za mwingine, hata kwa jina la mchwa. Kama ni mchwa, kila mmoja anunuliwe kisanduku chake cha bati na ufunguo akae nao yeye. Ujira mfike mkononi mwa aliyefanya kazi. Wapeni namba ya simu ya mtu ambaye si ndugu wa mwenye shamba. Na usimpe shemeji, mkwe wala binamu kazi ya kukagua nyumba ya kwao, kwa sababu wewe si mtu mbaya, Gaspari, na umeona lilivyokupata.

Vijana wako wakipoteza kazi ile nitahuzunika pamoja nao. Wao wataitafuta nyingine kwa miguu yao.

Limebaki moja ambalo afisa hawezi kukufanyia. Ulimshusha Niragira mbele ya watu. Usimtumie salamu za pole kwa siri, wala usimpe kitu mkononi mkiwa pembeni. Siku watakapofika wenye mamlaka, uwepo. Simama mahali palepale uliposimama, paza sauti kama ulivyopaza, na umwambie mbele ya walewale kwamba ulikosa, na kwamba gari linamsubiri. Asipokujibu, hana deni la kukujibu.

Nimeishia hapo katika jibu nililompelekea. Wasomaji wangeniuliza, kwa hiyo naongeza haya. Gaspari alikwenda Ngara, kisha akaniandikia tena. Josiane bado hasemi naye zaidi ya salamu, ila wiki iliyopita alikwenda mwenyewe kumwona baba yake, na aliporudi alimwekea mumewe chakula akakaa hapo mezani mpaka alipomaliza. Mashauri ya mzee bado yanaendelea, siyasemi.

Siku waliyokwenda Murusagamba, maafisa walifungua sanduku, kila mtu akaitwa akapewa kitambulisho chake. Gaspari alisimama karibu na gari akasema maneno yake kwa sauti. Niragira alimpita. Alipanda kiti cha mbele, akaweka kifurushi magotini. Mzee Matiasi, akiwa kati ya askari, alimwita, "Binti, unaondoka hivyo hivyo, kinywa kikavu? Ndizi zilikuwa zinakaribia."

Niragira akafunga mlango wa gari, akashusha kioo.

"Zikiiva, baba," akasema, "unywe wewe."